Maajabu ya Viumbe: Njaa ya Konokono

Juma hili tunamtazama mnyama ambaye wengi humpita bila kumjali: konokono wa majini, ambaye wataalamu humwita Lymnaea stagnalis. Huyu hukaa katika madimbwi ya Ulaya. Kinywani mwake mna ulimi wenye meno madogo sana, yaliyopangwa safu safu mfano wa tupa ya fundi. Kwa ulimi huo hukwangua ukoga juu ya mawe na majani, akaumeza. Lakini ulimi huo huo, ukienda kinyume, hutema.

Basi, ni nani aamuruye kumeza au kutema?

Konokono huyu ana chembe za fahamu zipatazo 20,000 tu, na baadhi yake ni kubwa hata mtaalamu aweza kuichoma moja kwa sindano ya kioo na kupima umeme wake. Mbili kati ya hizo kubwa, moja kila upande wa ubongo, hutoa kemikali iitwayo serotonini. Kazi yake ni kuuweka ubongo tayari kwa kula. Zikinyamaza, ulimi hauendi vyema, ingawa chakula kipo.

Kemikali ya pili ni dopamini, nayo ndiyo iliyotustaajabisha zaidi. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, nchini Uingereza, waliwajaribu konokono wenye njaa na walioshiba. Kitu kile kile mwenye njaa alielekea kukimeza, aliyeshiba kukitema. Mtu angedhani kwamba shibe imeupunguzia mdomo uwezo wa kuonja. Sivyo! Habari zilizotoka mdomoni hazikubadilika. Zilizobadilika ni chembe chache za ndani zitumiazo dopamini, ambazo kwa aliyeshiba huugeuza mwendo wa ulimi uwe wa kutema. Wataalamu walipoizuia kazi ya chembe hizo, konokono aliyeshiba akatenda kama mwenye njaa, na hali ameshiba!

Dopamini imo pia katika ubongo wa mtu, lakini huko ina kazi nyingi nyingine. Tusirukie kupima ulafi wa jirani kwa kipimo cha konokono. Kwa konokono mwenyewe faida yaonekana wazi. Aliyeshiba hana haraka, aweza kuchagua. Mwenye njaa akitema jani jema, huenda asilipate jingine. Kwake ni afadhali kumeza hata kitu cha mashaka.