Filta Yako Haijui Mto Tana

Siku hizi ukiuliza mtu wa Nairobi wapi pa kupata daktari, fundi au chuo, jibu ni moja: "Si uweke filta tu!" Weka kaunti, weka bei, weka nyota nne kwenda juu, weka "karibu nami", chagua wa kwanza, maisha yaendelee. Imekuwa kama dini. Na mtu akifika mahali akapata mlango umefungwa, lawama ni zake: eti hakujua kuchuja.

Mimi nakataa. Kwa mtu wa Ijara, hizo filta mnazosifu zinaficha kuliko zinavyoonyesha. Na msiniambie ni ushamba. Vijana wa Masalani wako TikTok kama nyinyi.

Wengi wanadhani filta inatafuta kilicho bora. Haitafuti kitu, wasee. Inafukuza. Kila tiki unayoweka inatoa wale ambao hawana hiyo alama kwenye rekodi yao. Na mara nyingi kisanduku kitupu kinachukuliwa kama "hapana". Zahanati inayopokea wagonjwa usiku, lakini hakuna aliyejaza sehemu ya saa 24, inapotea sawasawa na ile iliyofungwa. Wewe unabaki na orodha fupi, safi, unajiona mjanja. Nani ametupwa nje? Hujui, na filta haikuambii.

Chukua rejista ya vituo vya afya ya Wizara ya Afya. Ni kitu cha maana, na yeyote anaweza kuifungua. Unachuja kwa kaunti, eneo bunge, wadi, Levo, mwenye kituo, hata kama kinafungua wikendi. Siitukani. Lakini kwa orodha yoyote ya aina hii, jaribu kuandika Ijara. Ijara gani? Kuna mji, kuna wadi, kuna sabkaunti, kuna eneo bunge, na ramani za zamani bado zinaonyesha wilaya. Eneo bunge lina wadi nne: Hulugho, Sangailu, Ijara na Masalani. Sensa ya 2019 ikahesabu Hulugho kama sabkaunti kivyake. Kwa hivyo kwa orodha inayofuata mgawanyo huo, ukigusa "sabkaunti ya Ijara" Hulugho inatoka. Ukigusa "eneo bunge" inarudi. Kituo hakijasogea hata hatua moja. Bado hatujafika kwa tahajia: Hulugo, Hulugho, Sangailo, Sangailu. Halafu kuna Bura mbili, moja Fafi upande wetu, nyingine ng'ambo ya mto kaunti ya Tana River. Jaribu kumweleza hayo mtu wa data aliyekaa Upper Hill na kahawa yake.

(Swala wetu hirola, yule wa Ishaqbini, amevalishwa kola ya GPS na wanasayansi wanajua alipolala jana. Kuna zahanati hazina hata picha moja mtandaoni.)

Sasa "karibu nami". Filta nyingi za umbali zinapima mstari ulionyooka, kama ndege. Masalani iko mashariki ya Tana, Hola iko magharibi. Kwa skrini, Hola ni hapo tu, na Garissa ni zaidi ya kilomita 100. Vizuri. Ngoja mvua inyeshe. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilikata barabara kati ya Garissa na Madogo, sehemu ambayo kawaida ni dakika chache kwa gari, na watu wakawa wanavuka kwa boti. Umbali kwa filta ulibaki ule ule. Kwetu umbali hupimwa kwa msimu.

Nyota ndiyo inaniudhi zaidi. Kliniki ya Eastleigh ina maoni mia tatu kwa sababu kila anayeingia ana simu janja na bando. Muuguzi wa Kotile anatibu wafugaji wenye kabambe. Hakuna aliyewahi kumpa nyota, ya kumsifu wala ya kumkashifu. Ukiweka "nyota nne kwenda juu" umemfuta. Wakati huo huo duka lililopewa nyota tano na mtu mmoja, pengine binamu ya mwenyewe, linakaa juu kabisa. Hapo unapima nani ana wateja wenye bando.

Na vitu tunavyouliza kweli havina kisanduku. Eedo wangu alipokaribia kujifungua, mashangazi wenzake hawakuuliza nyota. Waliuliza: kuna mhudumu wa kike? Anaongea Kisomali? Gari la wagonjwa lina mafuta? Orodha ilisema kituo kimoja kina upasuaji. Walipofika, wa kutoa dawa ya usingizi alikuwa amehamishwa miezi kadhaa nyuma, na tiki bado iko pale pale. Safari ikaanza upya usiku huo huo. Mtoto yuko, alhamdulillahi, lakini saa zilizopotea barabarani zingeweza kumaliza watu wawili.

Najua kuna mtu anasema, basi turudi kuuliza wazee. Warya, ukoo pia ni filta, na mbovu kuliko zote. Unaambiwa fundi ni mzuri kwa sababu ni wa kwetu. Msichana asiye na mjomba mwenye jina anatumwa kokote. Ndiyo maana nina hasira: orodha ya wazi ingemsaidia yeye kuliko sisi sote, kama ingejazwa na mtu anayejali.

Na pesa iko ndani. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ukiangukia kituo kisicho na mkataba nao unalipa mfukoni. Tiki moja ya zamani inaweza kuuza mbuzi wa mtu.

Wenye hizi orodha, wekeni majibu matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Asiyejulikana asifukuzwe, awekwe chini na alama yake. Kila tiki iwe na tarehe ya mara ya mwisho mtu alipothibitisha, na tuweze kuchuja kwa hiyo tarehe. Mkificha vituo kumi na viwili, andikeni kumi na viwili. Kaunti nayo haihitaji warsha ya hoteli kwa hili. Inahitaji karani mmoja, simu moja, na orodha ya kupiga kila mwezi.

Na nyinyi wa kuchuja kwanza: toa tiki zote uone orodha nzima, kisha rudisha moja moja uangalie ni ipi inayofuta watu wengi. Ukibaki na wawili watatu, piga simu. Uliza mhudumu yuko leo, si kama yupo kwa karatasi.

Wa Ijara, chukueni kila mtu wadi yake. Fungua kila kituo kilichoorodheshwa, piga namba iliyoandikwa, andika tarehe na jibu. Isiyoshika, piga skrinshoti umtumie MCA. Mimi nimeanza na Masalani. Sangailu nani anachukua?