Sumaku Haitatibu Nyayo Zetu



Siku ya mshahara wachuuzi hawakosi langoni, na safari hii alikuja mwuza soli za sumaku. Alituambia kwamba ukizitia ndani ya buti, sumaku itavuta damu miguuni, kwa sababu damu ina chuma, na maumivu ya nyayo, magoti na kiuno yatakwisha. Bei yake ni mshahara wa siku mbili. Wengi wetu tulinunua.

Hatuwacheki walionunua, maana sisi wenyewe tumo. Mtu akishinda juu ya kokoto akiinua mataruma, jioni kisigino chamwuma kama kimechomwa msumari. Lakini sisi ni watu wa reli, chuma twakijua. Chuma cha damu si kama chuma cha reli. Hospitali kubwa zina mashine za kupiga picha za mwili zenye sumaku kali kupita hiyo mara nyingi, na mgonjwa hulala ndani yake wala damu yake haikimbilii upande mmoja.

Waganga wa Marekani walilipima jambo hili, na matokeo yakachapwa mwaka 2003. Watu 101 wenye maumivu ya kisigino walivaa soli kwa majuma 8. Wengine walipewa zenye sumaku, wengine za bandia, wala hawakuambiwa zipi ni zipi. Mwishowe, katika kila watu 100 wa sumaku, 35 walisema wamepona au karibu kupona. Wa bandia, 33. Basi tofauti iko wapi? Mwenzetu akisema, "Mimi zilinisaidia," hasemi uongo. Lakini huenda kilichomsaidia ni ulaini wa soli, au siku kupita, au matumaini yake.

Hasara si ya fedha tu. Mwenzetu mmoja alikuwa na ganzi miguuni. Alivaa soli hizo miezi mitatu akingoja nafuu, mpaka kidonda kikatokea, ndipo hospitali wakamwambia ana ugonjwa wa sukari. Fedha hutafutwa tena. Mguu ukikatwa hauoti.

Hatusemi kila soli ni mbaya. Daktari akikupima mguu akakupa soli yake, ivae. Twasema tu kwamba anayetuuzia dawa atuonyeshe ilipimwa wapi na kwa watu wangapi, asituonyeshe barua za sifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena tujiulize: kwa nini twanunua soli? Kwa sababu buti tulizo nazo zimekwisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nasi tuna wajumbe wetu humo. Basi kila mwenye buti iliyotoboka ailete kwa mjumbe wake, ziwekwe mezani zote pamoja. Dawa ya nyayo zetu ianzie hapo.