Usaha Katika Kizazi Si Uzee

Hapa Kilosa na Mikumi mama mzee akitokwa na uchafu wenye harufu, au damu, husema, "Ni uzee tu." Hufua kanga yake usiku asionekane. Mimi sikubaliani naye. Aliyekoma hedhi hatakiwi kutokwa na damu, hata tone moja.

Mwanamke akikoma hedhi, mlango wa kizazi husinyaa. Ukiziba, majimaji hukaa ndani na kugeuka usaha. Tumbo la chini huuma, pengine na homa. Wakati mwingine kinachoziba ni saratani. Ndiyo maana naona vidonge vya dukani havitoshi. Homa itapoa, lakini kilichoziba kitabaki pale pale.

Nenda hospitali ya wilaya Kilosa, au Mtakatifu Kizito, Mikumi. Mweleze mganga wazi, usiseme "tumbo" tu. Wanaume nao wasikilize, maana nauli mara nyingi hutoka kwao. Mganga atautazama mlango wa kizazi. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha usaha uliojificha. Usaha hutolewa, na kipande kidogo cha nyama hukatwa kikapimwe saratani. Majibu huchelewa, yafuate mpaka uyapate.