Kidimbwini, kambale aingie wa pili

Huku kwetu Vulamba, kuanzia Butembo hadi Beni, jina Kambale halihitaji maelezo: ni mtoto mwanaume wa pili katika nyumba ya Wanande. Kwa Kiswahili kambale ni samaki pia, yule mwenye ndevu ndefu na ngozi isiyo na magamba. Leo ninasema juu ya samaki. Lakini tushike jina la mtoto, maana ndani yake mna shauri ambalo lingeokoa makuta ya watu wengi: kidimbwini, kambale aingie wa pili.

Mama mmoja jirani yetu alichimba kidimbwi kwa makuta ya likelemba na kwa nguvu za watoto wake. Muuzaji wa vitoto vya samaki akamletea bidoni moja tilapia 300 na kambale 100, na kambale hao walikuwa tayari wakubwa kupita tilapia. Wote wakamwagwa majini siku ile ile. Baada ya miezi saba tulikwenda kumsaidia kutoa maji. Kambale walikuwemo, wanono kweli. Tilapia hawakujaza hata sahani mbili. Mama alidhani ameibiwa usiku. Hakuna mwizi aliyeingia. Alikuwa amenunua samaki kwa bei ghali akawalisha samaki wengine, na karo ya shule aliyoitegemea haikupatikana.

Habari hii haimhusu yeye peke yake. Watu wengi wanachimba vidimbwi kwa sasa, na wana sababu. Barabara za kwenda Kyavinyonge na Vitshumbi zimeona vita miaka mingi, samaki wa Ziwa Edward wanafika sokoni kwa bei inayopanda, na si kila nyumba inaweza kununua tomson ama makayabu kila wiki. Kidimbwi ni njia nzuri ya kumpa mtoto samaki pamoja na bugali. Ndiyo maana inaniuma kuona kinaharibika kwa sababu ya kosa linaloweza kuepukwa siku ya kwanza.

Tuanze na tabia za samaki wenyewe. Tilapia anakula majani, pumba na vile vijidudu vya kijani vinavyoota katika maji yenye mbolea. Shida yake ni uzazi. Jike hubeba mayai mdomoni hadi vitoto vitoke, na katika maji yenye joto anaweza kuanza kuzaa akiwa bado mdogo sana, kisha akarudia kila baada ya wiki chache. Baada ya miezi michache kidimbwi kimejaa, chakula hakitoshi, na wote wanabaki wadogo kama kidole. Mwenye kidimbwi anahesabu samaki maelfu lakini hapati hata mmoja wa kuuza.

Hapo ndipo kambale anakuwa na faida. Anakula karibu kila kitu, pamoja na samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake. Akiwekwa kwa kipimo, anakula vitoto vinavyozidi, na tilapia wakubwa wanapata nafasi ya kunenepa. Kwa hiyo hawa wawili si maadui wa asili. Wanaweza kukaa pamoja na kusaidiana, ikiwa mwenye nyumba ameheshimu mambo matatu: zamu, ukubwa na hesabu.

Zamu: tilapia watangulie, wakae mwezi mmoja ama miwili. Ukubwa: siku kambale anapoingia, awe mdogo kuliko tilapia wote waliomo. Tilapia wakiwa wa urefu wa kiganja, kambale wa urefu wa kidole hawezi kuwameza. Ataishi kwa vitoto vyao. Hesabu: kidimbwi cha mita 20 kwa 10 kina mita 200 za mraba. Kwa mtu anayetumia mbolea na pumba tu, tilapia wawili kwa kila mita wanatosha, yaani 400. Kambale wasipite mmoja kwa tilapia 10, yaani 40. Jirani yetu alipewa mmoja kwa watatu.

Tusisahau pia kwamba Butembo si Beni. Butembo iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, na maji yake ni baridi. Tilapia anapenda joto la digrii 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 anakua polepole sana na karibu anaacha kuzaa. Kama vitoto havizaliwi kwa wingi, kambale wengi watakula nini? Kwa hiyo mtu wa Butembo apunguze kambale hata chini ya hesabu niliyotaja. Beni iko chini zaidi na ina joto. Huko vitoto vinajaa upesi, na kambale ana kazi ya kweli. Shauri moja linalogawiwa sawasawa kwa miji yote miwili litamdanganya mmoja wao.

Najua jibu ninalopewa kila mara: "Lakini katika Ziwa Edward tilapia na kambale wanaishi pamoja tangu zamani, na hakuna anayewapanga." Ni kweli. Lakini ziwa lina vilindi, lina majani ya kando ambamo vitoto vinajificha, na lina nafasi ya kukimbia. Kidimbwi cha mita 200 ni chumba kimoja kisicho na mlango. Anayewindwa humo hana pa kwenda.

Hata maziwa yenyewe yametufundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, vitoto vya samaki mdogo wa Tanganyika vililetwa katika Ziwa Kivu. Katikati ya ziwa lile hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini, basi mgeni akapata nafasi iliyokuwa wazi. Leo ndiye sambaza anayelisha Goma na Bukavu. Karibu na miaka ile ile, sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria. Yeye ni mla samaki mkubwa, na alipozidi, katika miaka ya 1980, aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa lile zilitoweka. Wageni wote wawili waliletwa kwa nia ya kuongeza chakula. Tofauti ni kwamba mmoja alikuta kiti kitupu, na mwingine aliwala wenye nyumba.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, wauzaji wa vitoto na mashirika yanayovigawa kwa wakulima na kwa familia zilizokimbia vita wasitoe aina mbili katika bido moja. Waseme ni samaki gani, ana ukubwa gani, aingie lini na wangapi. Kama hawawezi kurudi na kambale baada ya miezi miwili, watoe tilapia peke yake. Tilapia wadogo wengi ni hasara kidogo. Kidimbwi kitupu ni hasara kamili.

Pili, wewe mwenye kidimbwi, kataa kupokea usichokijua. Pima vitoto mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Weka wavu penye mlango wa maji, maana kambale wa mtoni huingia mwenyewe akiwa mdogo. Inua kingo, kwa sababu usiku wa mvua kambale hutambaa nje na kwenda zake. Na asubuhi ukikuta tilapia wanahema juu ya maji huku kambale wametulia, usiseme mambo ni mazuri: kambale anaweza kuvuta hewa ya juu, tilapia hawezi. Acha kutia mbolea, ingiza maji mapya.

Jirani yetu ameanza tena. Safari hii ametia tilapia 300 peke yao, na kambale 20 wanangoja katika shimo dogo pembeni. Watoto wake wanakwenda kila Jumamosi kupima tilapia kwa kiganja. Siku tilapia watakapojaza kiganja, Kambale ataitwa.