“Sistimu Inaboreshwa”: Kwani Ni Lazima Mzime?

Saa kumi na moja alfajiri, Mashimoni kule Kibera iko macho. Mama wa mandazi ashawasha jiko. Mwenye kibanda cha mboga anatafuta gari la kwenda Marikiti kabla bei haijapanda, na kijana wa maji anangoja mteja wa kwanza amtumie shilingi zake kwa simu. Sasa ingia ule ujumbe: “Mpendwa mteja, sistimu inaboreshwa. Tafadhali jaribu baadaye.” Baadaye ni lini? Sukuma za Marikiti hazingoji baadaye.

Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa kampuni, na ujumbe kama huo tumeutuma zaidi ya mara moja. Kwa hivyo tuseme wazi: hilo neno “inaboreshwa” limekuwa blanketi la kufunika kila kitu. Chini yake kuna kazi ambazo kweli haziwezekani bila kuzima mitambo, na kuna zingine ambazo hazina haja. Kuongeza nafasi ya kuhifadhi data ni ya hilo kundi la pili. Kampuni ikikuzimia huduma asubuhi eti inaongeza nafasi kwenye seva, basi ilinunua vifaa vya bei rahisi, au haikupanga kazi yake, au haikwambii ukweli.

Nafasi yenyewe inaisha kwa nini? Kila ukituma pesa, kunaandikwa nani ametuma, nani amepokea, saa ngapi, ada ni ngapi na salio limebaki ngapi. Hata muamala uliokataa kupita huacha alama. Na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2009 ya kuzuia utakatishaji wa pesa inataka rekodi zitunzwe kwa muda usiopungua miaka saba. Zile shilingi ishirini ulizolipia maji juzi bado zitakuwa kwenye daftari mtoto wako akiwa amebadilisha shule mara mbili. Daftari la aina hiyo halipungui, linanenepa tu.

Sasa njoo tuone linavyoongezwa kurasa bila kufungwa. Seva si kama kompyuta ya saiba. Ni sanduku bapa la chuma lililolazwa kwenye rafu, na upande wa mbele lina vijidroo. Kila kidroo kina diski moja, kishikio na taa ndogo. Mafundi huziita diski za hoti-swopu, maana yake unaweza kuchomoa moja na kuchomeka nyingine seva ikiendelea na kazi. Gurudumu la matatu halibadilishwi gari likiwa mwendo. Hili linabadilishwa, na abiria hawajui. Hata kiunganishi chake kimetengenezwa kwa hesabu: vile vidole vya chuma havilingani urefu, vya ardhi vinagusa kwanza, kisha ndiyo umeme uingie, ili diski isiungue wala kuvuruga jirani zake.

Lakini ukichomoa diski, data iliyokuwa ndani inaenda wapi? Swali zuri, na jibu lake linafahamika na mtu yeyote wa chama. Tuseme chama chenu kina madaftari matatu. La kwanza lina michango ya kundi moja, shilingi 400. La pili lina ya kundi lingine, 250. La tatu halina majina, limeandikwa jumla tu: 650. Mvua ikinyesha, Mashimoni ikawa vile inavyokuwaga mvua ikinyesha, daftari la kwanza likalowa lote. Mmepoteza? Hapana. Toa 250 kwenye 650, mtapata 400 yenu. Seva hufanya hesabu ya ukoo huo, ila badala ya makundi mawili ni mabilioni ya tarakimu, na jumla zenyewe zimetawanywa kwenye diski zote. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliliandikia makala wazo hili mwaka wa 1988 na kulipa jina RAID. Kwa hivyo diski moja ikitoka, zilizobaki zinajaza pengo huku wewe ukituma pesa zako.

Kuongeza nafasi kunafuata njia hiyo hiyo. Kama kuna vidroo vitupu, fundi anachomeka diski mpya na kuiambia seva iipokee. Kama vimejaa, anatoa diski ya terabaiti 4, anaweka ya terabaiti 8, anangoja ijazwe, kisha anaenda kwa ya pili, mpaka amalize mstari wote. Nafasi mpya haionekani mpaka ile ndogo ya mwisho itoke. Ni kazi ya subira, diski moja tu inaweza kula saa nyingi kujazwa. Lakini ni subira ya fundi, si yako wewe uliyesimama kwa stage huna nauli.

Haki itendeke pia: kuna kuzima kunakoeleweka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, seva zake hazikuwa Kenya, zilikaa ng'ambo, na ni mwaka wa 2015 ndipo zilihamishiwa huku nyumbani. Kuhamisha daftari zima kutoka nchi hadi nchi, na kulitia kwenye mtambo mpya, si jambo la kuchomoa na kuchomeka. Kampuni ikizima kwa kazi kama hiyo, ikafanya usiku, ikatangaza mapema na kutaja saa ya kurudi, hatuoni kosa. Kubadilisha programu yenyewe inayohesabu pesa pia mara nyingine kunahitaji mlango ufungwe kidogo.

Na tusiwadanganye kwamba diski hizi ni dawa ya kila kitu. Wakati diski mpya inajazwa, seva iko uchi kidogo. Kwa mpangilio ule wa daftari moja la jumla, diski ya pili ikifa saa hiyo, data imeenda; ndiyo maana wenye busara huweka hesabu mbili za ziada, ili diski mbili zife na kazi iendelee. Halafu kuna kosa la binadamu, kuchomoa diski nzima ukaacha mbovu, kosa ambalo taa ya kidroo iliwekwa kuzuia. Na zaidi ya yote, RAID si nakala ya akiba. Kitu kikiandikwa vibaya au kikifutwa, diski zote zinatii kwa pamoja. Moto ukishika chumba, zote zinaungua pamoja. Kampuni lazima iwe na nakala nyingine, jengo lingine. Ukisikia yeyote katika biashara hii akijigamba na diski peke yake, muulize nakala iko wapi.

Kuna sababu nyingine ya sisi kulichukia hilo blanketi, na hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Matapeli wanalipenda. Mtu anakupigia, sauti ya ofisi kabisa: “Tunaongeza seva, akaunti yako itafungwa, tupe namba ya siri tuihamishe.” Anaaminika kwa sababu sisi wenyewe tumekuzoesha kusikia “inaboreshwa” bila maelezo. Sasa umeona kazi inavyofanyika. Fundi yuko na kidroo, kishikio na taa. Hakuna hatua hata moja inayohitaji namba yako ya siri, wala wewe kubonyeza chochote, wala pesa kuhamishwa “kwa muda”. Mwenye kukuuliza hivyo, mkatie simu.

Kwetu tumeanza kubishana ndani ya ofisi kuhusu maneno ya ule ujumbe. Tunataka utaje kazi inayofanywa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wengine wanasema mteja hajali mambo ya seva. Sisi tunadhani yule mama wa Marikiti anajali sana, ila hajawahi kuambiwa. Ujumbe ujao ukikufikia bila sababu, tujibu kwa swali moja tu: ni diski, au ni programu?