Bibi anaumwa panja? Usikimbilie kusema presha!

Msomaji wangu wa Chitete na Momba nzima, leo tuongelee vichwa vya wazee wetu.

Mzee akisema kichwa kinamuuma, majibu tunayo mfukoni: malaria hiyo, presha hiyo, kipandauso hicho. Akizidi kulalamika, anatafutwa mchawi! Kumbe kuna ugonjwa, nadra kwetu Waafrika lakini upo, ambao mishipa ya damu ya kichwani huvimba, hasa ule wa kwenye panja. Mshipa ukivimba, njia ya damu inabanwa. Balaa lake liko machoni: jicho likikosa damu, mtu anaweza kulala anaona akaamka haoni. Na mara nyingi jicho hilo halirudi tena.

Utaujuaje? Kwanza umri. Huwapata waliovuka miaka 50, hasa wa 70 na kitu, akina mama kuliko akina baba. Kichwa kinauma kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Kuchana nywele au kufunga kilemba ni mateso. Mwaka 1890 daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, aliandika habari za mzee aliyeshindwa hata kuvaa kofia! Akitafuna mahindi ya kuchoma taya linauma, akipumzika linatulia. Wengine hapo hung'oa jino la bure. Mabega hukakamaa asubuhi, mwili unapungua. Akisema kaona giza kidogo au vitu viwili viwili, usingoje kesho. Hospitali, siku hiyo hiyo!

Daktari atapapasa panja na kupima damu, kipimo kiitwacho ESR. Hospitali kubwa huweza kukata kipande kidogo cha mshipa wakichunguze. Lakini dalili zikimridhisha daktari, majibu hayangojwi: anaanzisha vidonge vya prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku. Kichwa hupoa ndani ya siku chache tu, kisha dozi inapunguzwa taratibu, mwaka mzima au zaidi.

Sasa wewe usiende kujinunulia dukani! Dawa hii hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa. Na kuikatisha ghafla eti umepona ni hatari nyingine.

Basi jioni ukipita kwa bibi usiishie kwenye shikamoo. Muulize: panja vipi? Kutafuna je? Macho? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.