Jirani wa Ghala

Vijana wa Busawe na kata nyingine za Serengeti na Tarime hawajaanza leo kupenda jeshi. Babu zao walivaa sare ya KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Wajukuu wanakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine humuhumu mkoani Mara, kambi ya Rwamkoma. Mzazi anayemsindikiza mwanawe stendi huuliza nauli, chakula, na kama ajira itapatikana. Haulizi kama hanga atakalolala lina mlango wa dharura.

Toleo hili linauliza kwa niaba yake. Tukitaja jeshi tunafikiria gwaride na bunduki, kumbe sehemu kubwa ya maisha ya kambi ni bwalo, karakana na ghala, na ghala ndilo lililotuumiza vibaya zaidi. Ghala la mabomu la Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka tarehe 29 Aprili 2009. Kabla miaka miwili haijatimia, usiku wa 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na adui hakuwepo.

Baruti huzeeka. Kemikali inayoituliza hupungua mwaka hadi mwaka, joto likiongeza kasi, hata ikaweza kujiwasha yenyewe. Ndiyo maana ghala hutakiwa kupitisha hewa, kuwa na kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa, na kujengwa mbali na jingine. Vifaa hivyo vinanunulika. Kigumu ni koplo mtunza ghala kumwambia afande wake kwamba shehena hii imechakaa, iteketezwe, na afande asikie. Mafunzo ya usalama yasiyofundisha hilo ni kwata tu.

Tena mafunzo hayo yasiishie getini, yamfikie na jirani. Ghala la Ikeja, Lagos, lilipolipuka tarehe 27 Januari 2002, walikufa watu wapatao 1,000 au zaidi, na wengi wao hawakuguswa na bomu: walizama mferejini wakikimbia.

Tutaambiwa mambo ya jeshi ni siri. Idadi ya makombora iwe siri, sawa. Njia ya kukimbilia itakuwaje siri kwa mtu anayetakiwa kukimbia? Tunachoomba si kikubwa. Mara moja kwa mwaka wakuu wa kambi wawaite wenyeviti wa vitongoji na walimu wa shule zinazopakana nao, wawasikilizishe king'ora, kisha watembee nao kwa miguu hadi mahali watu watakapokusanyika.